Peni za brashi na karatasi kwa anayeanza: niliua seti nzima ndo nikaelewa

Nianze na aibu yangu. Peni zangu za kwanza za brashi, zile za ncha inayopinda za kuandikia herufi za urembo, zilikuwa seti, rangi ishirini na kitu, zimepangwa kwenye kiboksi kama upinde wa mvua, nikasema hapa sasa nimeshakuwa fundi. Nikavuta karatasi za printa, zile zile za fotokopi, nikakaa mezani nikaanza kuandika jina langu. Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya tatu nikaona ule mstari mwembamba, ambao ndo uzuri wenyewe wa hii kazi, hautoki tena, unatoka mnene umejaa makovu pembeni. Nikaisogeza ncha karibu na jicho kwenye mwanga wa dirisha, aisee, imeota ndevu. Vinyuzi vidogo vidogo vimechomoza kama kidevu cha mtu ambaye hajanyoa siku mbili. Nikailaumu peni, nikachukua nyingine, nayo ikaota. Nikamaliza nyeusi, nikamaliza bluu, nikaingia kwenye zambarau, hapo nimeshamlaani kila aliyehusika kuzitengeneza, kumbe mkosaji muda wote kalala chini ya mkono wangu: karatasi.

Sasa nimeshazitumia hizi peni za kutosha, na nimeharibu za kutosha pia, na swali ninaloulizwa kila mara ni ninunue gani, ninunue gani. Jibu langu huwa linaudhi watu. Nunua peni moja, nyeusi, ndogo, na hela inayobaki ipeleke kwenye karatasi. Mtu anaguna. Anataka rangi. Namwelewa, mi mwenyewe si ndo nilianza na rangi.

Kama ni moja basi iwe Tombow Fudenosuke ya ncha ngumu. Ni ya Kijapani, fude kwa lugha yao ndo brashi, na ukiishika utashangaa maana ni kijipeni cha kawaida tu, unene wake kama peni yoyote ya darasani, ncha yenyewe ndogo kama ya penseli iliyochongwa vizuri. Watu wengi wanakosea hapa kwenye kununua, ziko mbili zinaitwa jina moja, ngumu na laini, na maandishi mwilini ni ya Kijapani, kwahiyo we usihangaike na maandishi tafuta msimbo: WS-BH ndo ngumu, WS-BS ndo laini. Mimi nilishawahi kuagiza ngumu nikajikuta nimeletewa laini na sikugundua mpaka wiki mbili zimepita, nikawa najiuliza mkono wangu umepatwa na nini.

Kwanini ngumu? Kwa sababu mkono wa anayeanza hauna breki. Kazi yote hii ukiichambua ni jambo moja tu, ukishuka unakandamiza mstari unanenepa, ukipanda unaachia mstari unakonda kama uzi. Hamna siri nyingine. Ncha laini ukiigusa tu imeshalala, kwahiyo ukishuka nene ukipanda nene, unapata maandishi yaliyovimba kote. Ile ngumu inakandamizika kidogo halafu inarudi yenyewe haraka, hata ukichelewa kuachia inakusitiri. Tofauti ya nene na nyembamba haiwi kubwa sana, hilo nakubali, wengine wanaona haina mvuto, lakini kwa miezi ya mwanzo unachohitaji ni mkono ujue kuachia, mvuto utakuja na peni zingine.

Chukua neno umeme ujaribu nalo. Sikulichagua hivi hivi, limejaa zile mbinu mbili ambazo herufi nyingi zinazirudia, u inashuka inazunguka chini inapanda, m inapanda inazunguka juu inashuka. (Ukitaka mateso kamili andika mwanamume.) Anza na u. Gusa karatasi, shuka huku unakandamiza, na ukikaribia kona ya chini anza kuachia, nasema ukikaribia, sio ukishafika, halafu zunguka, panda ukiwa umeachia kabisa mpaka unahisi kama peni inataka kuruka kutoka kwenye karatasi. Ukichelewa kuachia ile kona inavimba, unapata u yenye kitambi. Nilijaza kurasa na kurasa za u zenye vitambi. Na ukimaliza mstari mmoja NYANYUA peni. Huu sio mwandiko wa kuunganisha ule wa shule ambao mkono unaserereka kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, hapa unachora kipande, unanyanyua, unaangalia, unaweka kipande kingine. Ni pole pole mpaka inachosha. Wale unaowaona kwenye video wanateleza kama maji, video nyingi zimeongezwa spidi, usijipime nazo.

Halafu peni ilale kidogo, katikati ya kusimama na kulala, kama nyuzi 45 hivi, ubavu wa ncha ndo unafanya kazi wakati wa kushuka. Ukiisimamisha wima kama unaandika notisi darasani unakuwa unaichoma karatasi na ile pua, na hiyo ndo njia ya pili ya kuua peni baada ya karatasi mbovu.

Kitu kimoja cha kuchekesha, ukifanya mazoezi kwa maneno ya Kiswahili peke yake kuna herufi hutokutana nazo, q na x hazipo kwenye maneno yetu. Nimejifua miezi, k zangu nzuri, w zangu zinapendeza, siku naombwa niandike kadi ya mtu anaitwa Felix nikakwama kwenye x, sijui inaanzia kulia au kushoto. Kwahiyo ziandike pembeni mara moja moja.

Ukishaizoea ngumu, hatua inayofuata ni ile Fudenosuke laini au Pentel Fude Touch, jina lake kamili Fude Touch Sign Pen, mimi napenda zaidi Pentel. Ncha yake ndogo pia ila ina kama springi, inanenepa vizuri zaidi ukikandamiza na uzi wake wa kupanda bado unaonekana, na ipo ya rangi nyingi kwahiyo yule aliyekuwa ananuna kwa kukosa rangi hapa anapoa. Ila macho yawe wazi dukani! Pentel wana Sign Pen nyingine, ile ya zamani iliyotoka 1963, ni peni nzuri sana kwa kuandikia lakini ncha yake ngumu kama ya makapeni, haikandamiziki, na zinafanana majina kiasi kwamba muuzaji mwenyewe anaweza kukupa hiyo. Ya brashi mwili wake unametameta na msimbo wake ni SES15, ya kawaida ni S520. Wino wa hii ya brashi ni wa maji, tone likiangukia kazi yako imeisha, kwahiyo kikombe cha chai kiwe mbali. Kama unataka kupaka rangi za maji juu ya maandishi tafuta Faber-Castell Pitt ya ncha ya brashi, ule wino wake ukishakauka maji hayaugusi.

Twende kwenye zile kubwa. Tombow Dual Brush ndo wanaoanza wengi wanaikimbilia maana ndo inayoonekana kila picha, upande mmoja brashi ndefu laini, upande wa pili kincha kigumu cha milimita 0.8, rangi zinazidi mia. Ni peni nzuri, sina ubaya nayo, ila kwa mtu wa wiki ya kwanza ni kama kujifunzia kuendesha gari kwenye lori. Ncha ndefu inapinda sana. Na kubwa maana yake herufi kubwa, mimi kwa Fudenosuke m yangu ina urefu wa milimita saba nane, kwa hii Dual ili ile nene na nyembamba zikae vizuri naenda sentimita mbili na kupanda, na kwa ukubwa huo vidole peke yake haviwezi, lazima mkono mzima utembee kuanzia begani. Kama umezoea kuandika kwa vidole, na sote tumezoea, bega litakuuma kwanza. Andika herufi ndogo kwa hii peni uone, matundu ya a na e yote yanazibika.

Lakini ukishaimudu, jamani. Kuna kamchezo ka kuchanganya rangi, unachukua ya njano, unaigusisha ncha yake kwenye ncha ya waridi, unaandika neno, herufi ya kwanza inatoka waridi halafu inafifia taratibu mpaka herufi ya mwisho ni njano tupu, hujabadilisha peni hata mara moja. Mara ya kwanza kuona nilirudia mpaka usiku. Usiogope kuchafua ncha, ukikwaruza kwenye karatasi ya pembeni wino mgeni unatoka wote rangi inarudi yake. Ipo na moja isiyo na rangi kabisa, N00, kazi yake ni hiyo hiyo ya kuchanganya. Na kwa vile zina ncha pande zote mbili zihifadhi zikiwa zimelala, ukizisimamisha wino unakimbilia upande mmoja.

Pentel Pocket Brush, ile yenye nywele kabisa na katriji ya wino, nzuri mno ila achana nayo kwa sasa. Haina huruma.

Na kama hela hakuna kabisa? Biki. Andika neno kwa biki kawaida ukiachia nafasi, halafu kila mstari unaoshuka uchoree mwenzake pembeni, jaza katikati, basi umepata nene na nyembamba bila peni ya brashi. Mikono inajifunza wapi panenepa wapi pakonde, ambayo ndo nusu ya kazi. Hata zile makapeni za watoto, Crayola Supertips, ncha yake imechongoka kama koni, ukiilaza inatoa nene ukiisimamisha inatoa nyembamba, na ngumu kiasi kwamba haijali umeweka karatasi gani. Nina watu nimewaanzishia hizo na mwandiko wao leo unanitia wivu.

Haya sasa karatasi, hapa naomba unisikilize vizuri.

Ncha ya hizi peni, ukitoa zile za nywele, ni nyuzi laini zilizoshikanishwa zikachongwa zikawa umbo la brashi. Karatasi ya fotokopi kwa macho ni laini, kwa kidole pia laini, lakini kwa ncha kama hiyo ni msasa. Ule uso una vinyweleo vya mbao vilivyosimama, kila ukipita vinakwangua, na mkono wa anayeanza ndo unaokandamiza kuliko wote kwahiyo unaharibu mara mbili. Fanya hivi uhakikishe, chumba kikiwa kimya chukua peni ya brashi piga mstari wa kushuka kwenye karatasi ya fotokopi, sikiliza. Kuna sauti, shwaa, kama fagio la mbali. Sasa piga kwenye karatasi nzuri. Kimya. Hiyo sauti ndo ncha yako inaliwa. Siku hizi nikiwa na karatasi nisiyoijua nageuza kidole naipitishia mgongo wa kucha, kidole chenyewe kinadanganya, kucha haidanganyi, kama inakwaruza naiacha.

Na usidanganywe na gramu. Kila mtu atakwambia nunua karatasi nzito, nzito, ukienda dukani unauliza gramu ngapi kama unanunua mchanga. Gramu ni uzito kwa mita moja ya mraba, ya fotokopi ni 80, yani A4 moja ina gramu tano maana A4 kumi na sita ndo zinafanya mita ya mraba. Sasa angalia, Rhodia, zile pedi za Kifaransa za jalada la rangi ya chungwa, nazo ni gramu 80. Uzito ule ule! Lakini peni inateleza juu yake kama barafu, wino haupiti nyuma, mstari unatoka pembe kali bila kutambaa. Kilichobadilika ni uso. Upande wa pili kuna makaratasi ya rangi za maji gramu 300, mazito kama kadibodi, yale yenye mabonde, yanamaliza ncha ndani ya dakika kumi. Nimewahi kuandika kadi nane kwenye karatasi ya hivyo na peni mpya, ya nane imetoka kama imeandikwa na fagio. Kama ni lazima uandike juu ya karatasi ya rangi za maji tafuta ile iliyopigwa pasi kiwandani ikawa tambarare.

Ninazotumia mimi ni tatu. Rhodia yenye vidoti kwa mazoezi ya kila siku, vidoti vimeachana milimita tano kwahiyo urefu wa herufi haukusumbui, unahesabu tu vidoti. HP Premium32 kwa kuprinti, hii ni karatasi ya printa kama zingine ila uso wake laini kweli kweli, na ile 32 ni ratili za Kimarekani, kwa gramu ni 120, usiichanganye ukadhani ni nyepesi. Inakuja rimu nzima kwahiyo ukigawa kwa karatasi moja moja haiumi kama pedi, unaprinti mistari yako ya kufuata, mitatu au minne, mmoja wa kukalia herufi, mmoja wa kichwa cha a na m, mwingine wa juu kwa l na k, na chini wa g na y. Bila mistari hata mwenye mkono mzuri anaandika kama anapanda mlima.

Ya tatu ndo ninayoipenda kimya kimya, karatasi ya kunakilia, ile unayoona upande wa pili. Uso wake ni kioo, ncha haisikii kitu, na unaweka juu ya mistari yako unaandika, unatoa, unaweka nyingine, ile ya mistari inadumu mwaka. Ila wino juu yake haunywewi haraka, unakaa umelowa, ukipitisha kiganja mapema umefuta kazi yote. Rafiki yangu anayeandika kwa mkono wa kushoto aliijaribu akaichukia siku hiyo hiyo, mkono wake unafuata nyuma ya peni unafagia kila kitu. Tulimsaidia kwa kuiinamisha karatasi mpaka mkono ukawa chini ya mstari, na kuweka kikaratasi chini ya kiganja, lakini anasema Rhodia inamfaa zaidi na mimi sibishani naye.

Vitabu vya mazoezi vya kununua nina kinyongo navyo. Nilinunua kimoja, jalada zuri, herufi nzuri, nikafungua ndani karatasi ni ile ile ya msasa, yani kitabu cha kujifunzia peni za brashi kinachoua peni za brashi! Nikakitupa kabatini. Baadae ndo nikapata akili nikaweka karatasi ya kunakilia juu ya kurasa zake nikaandika hapo juu, na kwa namna hiyo kimenifaa kuliko nilivyotegemea na mpaka leo hakina hata doa la wino.

Kwahiyo kwa wa wiki ya kwanza: Fudenosuke ngumu moja, pedi moja ya karatasi laini au bunda la karatasi za kunakilia, mistari umeprinti. Kama pochi inaruhusu cha tatu ongeza Pentel ya brashi ya rangi unayoipenda, ili usife kwa kuchoka na weusi. Dual Brush ngoja mpaka u zako zimepungua vitambi. Ukinunua peni kwenye paketi kubwa kwa kisingizio cha kwamba zitatoka bei rahisi, kumbuka utazitumia ukiwa bado mkono mzito, yani utazichosha zote kwa pamoja.

Fudenosuke yangu niliyoitumia kwenye karatasi nzuri tupu ilikata wino ncha ikiwa bado kali, na hivyo ndo inavyotakiwa, wino uishe kwanza. Zile za seti ya kwanza sikuzitupa. Ya kijani, ambayo ndo iliota ndevu kuliko zote, siku moja niliikwaruza tu kwenye pembe ya kadi nikaona inatoa majani, majani kabisa, kila kinyuzi kinachora jani lake, kwahiyo siku hizi maandishi naandika na Pentel halafu nyasi za chini nachora na ile kijani.